Betri Nne za Kiplimo

Hakuna sauti ndogo. Nimesema hivyo kanisani, nimesema sokoni, na mtu akinibishia hata leo namwambia aje nyumbani tukae chini tumalizane. Kuna maiki yenye njaa, na kuna mashine mbovu ya kuipokea sauti, basi. Lakini sauti ya mtu, jinsi Mungu alivyomtengenezea, inatosha.

Mimi ni Sellah Nekoye wa Kanduyi, ingawa Kitale walinijua kama Mama Simu. Kabla sijaolewa nilifanya kazi kwenye mitambo ya simu ya posta kule Bungoma, na nilipohamia Kitale nikaanza kutengeneza redio katika nyumba niliyopanga kwa mzee Kiplimo, mkulima wa mahindi. Sebule yangu ilikuwa karakana siku za kazi, na Jumamosi ikawa studio ya kurekodi kwaya. Wapo waliocheka kusikia fundi ni mwanamke. Nilikuwa siwajibu, nawarudishia redio zao zikiongea.

Dada yangu mkubwa, Nanyama, alibaki Kanduyi. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo katika kwaya ya kanisa letu mpaka rovu lilipomwota shingoni akapasuliwa. Kwa miezi mingi hakuwa na sauti hata ya kuita kuku. Iliporudi ilirudi nyembamba: tamu, imenyooka, haitoki nje ya noti, lakini ukisimama hatua chache kutoka kwake huisikii. Na ni wakati ule wa ububu ndipo alipotunga wimbo wake, akiupigapiga kwa vidole kwenye goti. Alipopata pumzi akaifundisha kwaya, na mpaka leo nasema kanisa lile halijawahi kuimba kitu kizuri kuliko hicho.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1988 walikuja Kitale nikawarekodi kwa maiki yangu ya chuma, ile ya kawaida ya mikutano ya injili. Maiki ya namna hiyo inataka upige kelele mdomo ukiwa umeigusa. Nanyama hawezi kupiga kelele. Nikaongeza kitufe cha sauti mpaka mwisho, na kilichokuja kwenye kaseti kilikuwa mvumo kama mafuta yanayokaangwa, na dada yangu huko ndani, mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Mwalimu Wabwile, mkuu wa kwaya, aliisikiliza kaseti nzima mikono ikiwa mapajani.

"Sellah," alisema, "sauti yake haishiki tepu. Mwezi wa tatu tunarudi kurekodi tena. Dinah ndiye ataongoza."

Kila mtu pale sebuleni alielewa maana yake. Kwetu wimbo hauna karatasi ya umiliki. Wimbo ni wa yule aliyesikika akiuongoza kwenye kaseti. Ikishauzwa Webuye na Kimilili, watu wangeuita wimbo wa Dinah mpaka Yesu arudi, na mwenye wimbo angesimama mstari wa nyuma akifungua mdomo tu.

Wiki chache baadaye Nanyama alikuja kunitembelea, na niliona mara moja kwamba amekuja kunituliza.

"Wacha tu, Sellah. Dinah anaimba vizuri."

"Anaimba kwa nguvu."

"Si ni kitu kimoja siku hizi?"

Nilikasirika mpaka nikaunguza kidole kwa pasi ya kulehemu. Nilimkasirikia yeye kwa kukubali upesi, nikamkasirikia Mwalimu, nikaikasirikia na maiki yangu. Wakati huohuo stima ikapotea. Poshomili ya jirani, mashine yake ya kusagia unga, ikakoroma ikanyamaza, redio zangu zote zikafa mezani, na katika ule utulivu simu ikalia katika duka la Gicheru ng'ambo ya barabara.

Nanyama akashangaa. "Ati stima imepotea na simu inalia?"

"Simu haili stima ya nyumba," nikamwambia kwa ukali, maana nilikuwa bado nanyonya kidole. "Umeme wake unatoka posta, kwa betri kubwa, unakuja kwa waya uleule ambao sauti inapitia. Volti arobaini na nane."

Nikasikia nilichokisema. Nikavuta kiti, nikapanda juu, nikapapasa juu ya kabati.

Ilikuwa imelala huko mwaka mzima katika boksi lake: maiki nyembamba ya rangi ya fedha ambayo mzee Kiplimo aliinunua kwenye mnada wa shamba moja, ndani ya sanduku lenye karabai na vikombe. Alinipa niijaribu. Niliichomeka kwenye deki ya kaseti, ikanyamaza kimya, nikamwambia imekufa. Chini yake iliandikwa P48. Nilidhani ni namba ya kampuni tu, kama ile ya kiatu. Mimi, niliyekaa na volti arobaini na nane za posta miaka yote ile!

"Haijafa," nikamwambia Nanyama. "Ina njaa."

Nikamweleza. Maiki ya chuma haihitaji umeme kwa sababu sauti ikiipiga inajitengenezea wake, ila lazima upige kwa nguvu. Hii nyingine inafanya kazi kama simu: inalishwa umeme kutoka upande wa pili, kupitia waya wake mwenyewe, na ikishashiba inasikia hata mtu akimeza mate. Dada yangu alinisikiliza kwa adabu. Sikumlaumu, kwa sababu alikuwa ameshaahidiwa mambo mengi na madaktari.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata hizo volti. Nilinunua mawe ya tochi thelathini na mawili, nikayapanga katika kipande cha mpira wa kunyweshea maji. Hesabu ilikuwa sawa, lakini mawe yalitingishika, na kila yakitingishika maiki ilipiga kelele kama bisi kwenye sufuria. Nikayatupa kando nikaenda kwa landilodi.

Mzee Kiplimo alikuwa na trekta mbili, lori moja na pikapu moja. Betri nne, kila moja volti kumi na mbili. Ukiziunga mkia kwa kichwa unapata arobaini na nane safi, zisizo na ule mngurumo ambao stima ya Kitale ilikuwa nao kila poshomili ilipowashwa.

"Mama Simu," alisema, "huu ni mwezi wa kulima. Unataka shamba yangu yote ilale juu ya maiki?"

"Siku moja tu, mzee. Na maiki si ni yako?"

"Si ulisema imekufa?"

"Nilisema vibaya."

Alicheka sana. Nadhani alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hivyo, na ndiyo maana alikubali. Lakini akaweka sharti lake. "Nikiona wingu limekaa juu ya mlima, nakuja kuchukua betri zangu. Mvua ikishika na trekta imelala, watoto watakula nyimbo?"

Kazi ya pili ilikuwa priampu, ile mashine ndogo inayoipokea sauti kwanza kabla ya deki. Watu wengi hawaijali, na hapo ndipo wanapopotea. Sauti inatoka kwenye maiki ikiwa kidogo mno. Atakayeikuza kwanza ndiye anayeamua itakuwaje, kwa sababu uchafu ukiingia hapo unakuzwa pamoja nayo. Ni sawa na maziwa: ukikamulia katika ndoo chafu, hata uchemshe mara ngapi, chai itakuambia. Deki yangu ilikuwa ndoo chafu. Kwa hiyo nikaunda priampu yangu kwa transista nilizochagua moja moja, nikaifungia ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia ili bati lizuie mingurumo, na nikaweka kapasita mlangoni. Kapasita ni askari wa geti: sauti inapita, volti za betri zinaambiwa zirudi. Bila yeye, betri za trekta zingeipika priampu yangu kabla kwaya haijasafisha koo.

Jumamosi ikafika, kwaya ikashuka kutoka kwenye lori ikiwa imevaa sare, utadhani kaseti inaona. Niliwapeleka moja kwa moja kwenye stoo ya mzee iliyoshikana na nyumba yangu, iliyokuwa bado na magunia ya mahindi mpaka juu. Humo hakuna mwangwi. Ukipiga makofi, gunia linameza. Maiki niliining'iniza kwa kamba kwenye boriti, waya ukapita dirishani mpaka sebuleni kwangu, na betri nne zikapangwa sakafuni chini ya dirisha.

Dinah akaiendea maiki kabla sijamaliza kuongea. Dinah ni mama mnene mcheshi, sauti yake inaweza kumwamsha mlinzi wa Webuye akiwa Kanduyi, na hana moyo mbaya hata kidogo.

"Reo ni reo!" akanguruma, maana sisi wa Bungoma l na r ni watoto wa mama mmoja. Kisha akaipuliza maiki, akaigonga kwa kucha. Nilikuwa nimevaa hedifoni. Nilitoka sebuleni nikikimbia, masikio yakilia.

"Usiipulize! Usiiguse! Hii si ya kula kama ile ya krusedi za injili. Wewe Dinah, rudi nyuma. Tena. Tena. Kaa pale mlangoni."

"Mlangoni? Si nitaimbia ng'ombe?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," nikasema. "Leo anayetaka kusikika vizuri anasimama mbali."

Mwalimu Wabwile hakupendezwa. Kwake kiongozi wa wimbo anashika maiki, hiyo ndiyo kazi yake. Akatazama nje, akaona mawingu yanaanza kukusanyika juu ya mlima Elgon, na akaamua bila kuniuliza. "Tunaanza na Dinah, ili tuwe na kitu mkononi. Muda ukibaki, Nanyama naye ajaribu."

Nanyama alikubali kwa kichwa. Mimi nilirudi kwenye deki nikiwa na hasira, lakini kazi ni kazi. Dinah alipoanza, sindano ya deki ilirukia kwenye nyekundu na sauti ikapasuka. Nikawasimamisha, nikapunguza priampu, nikamsogeza hata nyuma ya mlango. Aliporudia, ikawa safi. Safi kabisa, na nzuri. Nilitamani awe ameimba vibaya, lakini hakuimba vibaya. Nilikaa na hedifoni zangu nikajua kwamba kama mvua ingeshuka wakati ule, Mwalimu angeenda nyumbani ameridhika.

Nikaongeza priampu tena, nikamwita Nanyama asimame karibu na maiki, wengine wote nyuma. Nikabonyeza kurekodi. Kwaya ikatulia ikingoja ishara yangu, na hapohapo mzee Kiplimo akatokea mlangoni kwangu pamoja na dereva wake wa trekta.

"Mama Simu. Umeona mlima?"

Nikavua hedifoni nikamfuata nje ili nisipige kelele ndani. "Mzee, wimbo mmoja."

"Mvua haingoji wimbo."

"Wimbo mmoja wa dada yangu. Ukitoa betri sasa, umemtoa yeye."

Akaniangalia, akaangalia juu. Nilikuwa sijawahi kumwomba mtu kitu kwa namna ile, na sikuipenda, lakini ningeweza kupiga magoti kwenye lile tope la mwaka jana lililokauka kama angetaka. "Moja," akasema. Nikarudi dirishani, nikapunga mkono, kwaya ikaanza.

Sitaueleza wimbo. Nitasema tu kwamba nilisikia ulimi wa dada yangu ukigusa meno. Nilisikia pumzi yake ikiingia kabla ya kila mstari, na sauti ile nyembamba ikaja mbele ya besi kumi na mbili na ya Dinah aliyekuwa mlangoni, ikakaa hapo mbele bila kusukumana na mtu. Nililia, na sijali nani anajua. Noti ya mwisho ilipokuwa inakufa, tone la kwanza lilipiga bati, likaingia kwenye tepu nalo.

Kisha mvua ikamwagika. Dereva alikuwa ameshafungua betri ya kwanza, lakini hakuna ambaye angeweza kutoka. Tukajibana sote sebuleni kwangu, kwaya nzima, mzee, dereva na betri, tukanywa chai ya strungi, isiyo na maziwa, mpaka bati likanyamaza.

"Hebu nisikie hicho kitu betri zangu zimefanya," mzee Kiplimo akasema.

Nikarudisha kaseti nyuma na kuiwasha. Lakini kilichotoka kwenye spika hakikuwa wimbo. Ilikuwa ni wakati ule niliokuwa nje nikibembeleza, mashine ikiendelea kuzunguka. Kwanza tulisikia nguo za watu na kikohozi. Kisha, karibu kabisa, kama yuko sikioni kwa kila mmoja wetu, Nanyama akiomba kwa Kibukusu, kwa mnong'ono ambao hata aliyesimama nyuma yake hakuusikia.

"Baba, wewe ulinisikia nikiwa sina sauti. Leo nipe tu ya kufika hapo kwa hiyo maiki. Ikikataa, wimbo uende na Dinah, nami nitanyamaza. Lakini unisaidie nisimchukie. Najaribu na bado namchukia."

Nanyama alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, na mimi nikatafuta kitufe cha kuzima nikakikosa, mimi niliyekitengeneza mwenyewe. Wimbo ukaanza, ukaimbika wote mpaka lile tone la mvua, na bado hakuna aliyeinua macho.

Mzee Kiplimo haelewi Kibukusu. "Pale mwanzo alisema nini?" akauliza.

Tulimwangalia Dinah. Yeye alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Alikuwa ananiombea mimi, mzee," akajibu. Akaweka kikombe chini. "Mwalimu, ile yangu ifutwe."

"Dinah, yako ni nzuri sana," Wabwile akasema.

"Najua ni nzuri. Ifutwe."

"Tungeweza kuweka zote mbili, upande wa kwanza na—"

"Mwalimu, umesikia mtu akisema ananichukia na anapigana na hiyo kitu peke yake, kwa sababu yangu? Mimi nilikuwa hata sijui. Nilikuwa nafikiria sare." Machozi yalikuwa yanamshuka, na bado sauti yake ilijaza nyumba. Akasogea mpaka kwa Nanyama, akamfunua kitambaa usoni taratibu. "Mama, si ungeniambia tu?"

"Ungenisikia?" Nanyama akauliza.

Dinah akamfunga kile kitambaa upya kichwani.

Niliifuta ile ya Dinah mbele yao wote. Maombi nayo niliyafuta, kwa sababu Nanyama aliniomba, lakini mwisho wake nilibakisha pumzi moja, ile ya kabla ya mstari wa kwanza, na kaseti zote zilizouzwa zinaanza na hiyo pumzi. Mzee Kiplimo alilima wiki ile yote na hakunilaumu kwa siku aliyoipoteza. Alinunua kaseti ya kwanza, na alipoipiga kwenye pikapu aliwaambia watu kwamba zinazoimba ni betri zake.

Jumapili iliyofuata nilienda Kanduyi. Nilichelewa nikasimama mlangoni, kanisa likiwa limejaa, watoto wanalia, mabenchi yanalia, watu wanasalimiana kama wako sokoni. Hakukuwa na maiki hata moja. Nanyama akatoka mstari wa mbele kuongoza wimbo wake, na midomo yake ikaanza kusogea, na kama kawaida sikusikia kitu. Mwalimu Wabwile akainua kiganja juu, ile ishara yake ya miaka yote: ongeza sauti.

Dinah akatoka kwenye mstari. Akaushika mkono wa Mwalimu ukiwa hewani, akaushusha. Kisha akatugeukia sisi sote.

"Yeye hataongeza," akasema. "Nyinyi ndio mpunguze."

Mama mmoja akamtoa mtoto nje. Mabenchi yakaacha kulia. Kimya kikashuka kutoka mbele mpaka kikanifikia pale mlangoni, na Nanyama akaanza upya, polepole, bila kuongeza chochote. Nilimsikia neno kwa neno, bila betri hata moja.